Namna ya Kumkosa Mende kwa Kandambili

Kumkosa mende ni kazi ambayo watu wengi huifanya kila usiku bila mafunzo yoyote, na huifanya vizuri. Lakini wapo wachache ambao mara mojamoja humpata, kwa bahati au kwa uzembe, kisha hubaki na uchafu sakafuni na kero ya kuosha soli usiku wa manane. Mwongozo huu ni wao. Ukiufuata inavyotakiwa, utaweza kuinua kandambili, kuishusha kwa nguvu zako zote, kuamsha nyumba nzima, na mende akafika chini ya kabati la vyombo akiwa buheri wa afya.

Kwanza mjue unayeshughulika naye. Tunamzungumzia yule mkubwa, wa kahawia iliyoiva, anayepanda kutoka kwenye shimo la karo kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Carl Linnaeus alipomwandika vitabuni mwaka 1758 alimbandika jina la Marekani, ingawa asili yake ni huku kwetu Afrika. Marekani alikwenda kwa meli, na nauli hakulipa. Yule mdogo wa nyuma ya jiko la gesi naye anaitwa mende wa Ujerumani, wakati uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 unamrudisha Asia ya Kusini, miaka 2,100 hivi iliyopita. Kwa ufupi, nyumbani mwako mna mende wa aina mbili na wote wametoa anwani ya uongo.

Hatua ya kwanza ni kuwasha taa ghafla. Usipapase, usisite; bonyeza swichi kwa kishindo. Macho ya mende yametengenezwa kwa ajili ya giza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, waliwaweka mende mbele ya picha zinazozunguka, kisha wakapunguza mwanga mpaka kila kipokezi cha jicho kikawa kinapata takriban chembe moja ya mwanga kwa sekunde kumi. Wewe hapo ungeapa kwamba umepofuka. Mende waliendelea kuifuata picha, kwa sababu mfumo wao wa neva hukusanya vijisenti hivyo vya mwanga kutoka vipokezi vingi na kuvijumlisha. Ukimwashia taa ya dari kiumbe wa namna hiyo, humshangazi tu, unamwambia aondoke.

Kuna mtu atauliza kama tochi yenye karatasi nyekundu haiwezi kusaidia. Ingesaidia sana, na ndiyo maana hatuipendekezi. Macho ya mende yana vipokezi vya aina mbili, vya kijani na vya urujuanimno, na wekundu kwake ni giza. Mtu mwenye taa nyekundu anaweza kumtazama mende akila makombo ya ugali kwa raha zake zote, karibu kabisa. Hilo si lengo letu.

Hatua ya pili, ingia kwa miguu mizito. Chini ya goti la kila mguu mende ana kiungo kidogo cha kunasia mitikisiko ya sakafu. Ana miguu sita, hivyo ana vipokea habari sita vilivyokanyaga sakafu ileile unayoikanyaga. Kama umevaa kandambili zote mbili na zinapiga kwa-kwa-kwa, umefanya vizuri. Kumpigia kelele hakuongezi chochote, lakini wengi huona inawatia moyo.

Sasa tumefika hatua ya tatu, penye kazi yenyewe, na hapa naomba tusiharakishe.

Inua kandambili juu kabisa, mkono umenyooka, kisha ishushe kwa kasi yote uliyojaliwa. Chagua ile pana, yenye soli nzima isiyo na tundu. Soli ya namna hiyo ni pampu nzuri: inaposhuka, hewa iliyo chini yake haina pa kwenda ila pembeni, na upepo huo unamfikia mende kabla ya mpira.

Mwangalie kwa nyuma. Mwisho wa tumbo lake pana vijimkia viwili vifupi vilivyochongoka, kimoja kulia na kimoja kushoto. Watu hudhani ni mapambo. Upande wa chini wa kila kijimkia umeoteshwa vinyweleo vyembamba mno, zaidi ya 200, na kila unyweleo umesimama katika kitundu kinachouruhusu kuyumba kwa wepesi kwenye mstari mmoja na kwa shida kwenye mistari mingine. Shinani mwa kila unyweleo kuna seli moja ya neva. Unyweleo ukiyumba kuelekea upande wake, seli hiyo inafyatua mapigo ya umeme. Ukiyumba kinyume, inanyamaza. Vinyweleo vimepangwa kwa safu, na kila safu ina upande wake. Ndiyo kusema mende akipulizwa hapati habari kwamba kuna upepo na basi. Anajua umetoka wapi.

Wala hashtuki kwa kila upepo. Feni inaweza kumpulizia usiku kucha asijishughulishe nayo. Kinachomshtua ni upepo unaoongezeka kasi kwa ghafla, kwa maana upepo wa namna hiyo ndio unaomtangulia adui anayeruka. Mwaka 1978 Jeffrey Camhi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha uchunguzi wao kuhusu mende na chura: chura anapojirusha mbele kufyatua ulimi, anasukuma hewa, na mende anaanza kugeuka kwa hewa ile, si kwa kumwona chura. Kutoka upepo unapogusa vinyweleo mpaka mwili unapoanza kugeuka hupita kiasi cha sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Wewe kutoka jicho lione mpaka mkono uanze kusogea unahitaji kama sehemu moja ya tano. Yaani wakati yeye keshageuka, wewe hata hujaanza kujuta.

Na usijitetee kwa ukubwa wa ubongo. Una seli za neva bilioni 86 hivi. Yeye ana milioni moja, kidogo juu au chini. Tatizo lako ni utaratibu. Wewe ni ofisi ya serikali ya mtindo wa zamani: habari ikiingia machoni inapelekwa makao makuu, inasajiliwa masjala, inafunguliwa jalada, inapanda kwa mhusika wa picha, naye anamwandikia mhusika wa nia, anayeomba idhini kwa mhusika wa misuli, ndipo barua inateremshwa kwa njia ya uti wa mgongo mpaka mkononi, ikiwa na mhuri. Mende ameyapa matawi yake mamlaka kamili. Vinyweleo vinaripoti kwenye fundo la neva lililopo palepale mwisho wa tumbo. Kutoka hapo zinaondoka neva nene kupindukia, jozi saba, zinazokwenda moja kwa moja kifuani, kwenye mafundo mengine matatu yanayoendesha miguu. Miguu inatii. Neva zilezile zinaendelea mpaka kichwani, ila kichwa kinapelekewa nakala kwa taarifa tu.

Kwa nini ziwe nene? Kwa sababu neva zetu sisi zimevishwa ala ya mafuta inayoharakisha umeme, na za mende hazina vazi hilo. Asiye na ala hunenepesha waya. Bingwa wa mbinu hiyo ni ngisi, jamaa wa hao wanaochomwa pale Forodhani, Zanzibar, mwenye neva inayoweza kufikia unene wa milimita moja. Unene huo ndio uliowawezesha Alan Hodgkin na Andrew Huxley, mwaka 1939 huko Plymouth, Uingereza, kupenyeza kijiti cha kupimia umeme ndani ya neva yenyewe. Vita vikawakatiza. Walirudi, na mwaka 1952 wakaandika hesabu kamili: utando wa neva una milango midogo, mlango wa sodiamu unafunguka, sodiamu inamwagika ndani na kulizua pigo, mlango unajifunga, potasiamu inatoka nje, hali inarejea, na pigo limeshasogea mbele. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Ikumbuke milango hiyo ya sodiamu, maana nitairudia kwenye dawa.

Kabla hatujaendelea, onyo kuhusu shangazi. Kila ukoo una shangazi mmoja asiyekosa. Anakuja mjini kwa matibabu, siku ya kwanza tu anaua mende watatu, na kuanzia hapo kila mwenye kandambili anaonekana mzembe. Mchunguze anavyofanya ili usije ukamwiga. Anakwenda peku. Anangoja mende asimame, kwa sababu mende anayetembea hushtuka upesi zaidi kuliko aliyetulia. Anasogeza mkono polepole mno mpaka umekaribia, hivyo hewa haipati msukosuko, na ile kazi ya haraka anaibakiza ya sentimita chache za mwisho. Juu ya yote, hatumii kiatu. Anatumia ufagio wa chelewa. Hewa inapita katikati ya njiti, na vinyweleo vya mende havipati taarifa yoyote ya maana. Mwaka 1900 Mmarekani mmoja, Robert Montgomery, alipewa hataza ya kipigia nzi cha wavu wa waya kinachofuata kanuni hiyohiyo. Shangazi hana hataza. Ukimwona anauchukua ufagio, mwite haraka aje anywe chai.

Hatua ya nne: piga palepale mende alipo. Usikisie atakapokwenda. Mende akikimbia kwa kasi yake ya juu hufikia mita moja na nusu kwa sekunde, na hapo huwa ameinua kifua na anakimbia kwa miguu miwili ya nyuma. Katika sehemu moja ya kumi ya sekunde amesogea sentimita 15. Pima kandambili yako upana wake, kisha ondoa mwenyewe.

Wapo wanaojaribu kuwa wajanja, wakapiga mbele yake. Nao nawapongeza, kwa sababu hawatampata vilevile. Paolo Domenici na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba mende anayetoroka ana njia chache anazozipendelea, zilizoachana kwa pembe zinazokaribia kulingana, kuanzia kukata kushoto au kulia kwa adui hadi kumgeuzia mgongo kabisa. Safari hii atachukua ipi, huwezi kujua. Ana mpango, ila mpango wenyewe una bahati nasibu ndani yake. Timu nyingi za ligi yetu zingefaidika na kocha wa namna hiyo.

Akifika ukutani, papasi zake ndefu zinaushika ukuta na kumwongoza akimbie sambamba nao bila kujigonga, mpaka zikutane na ufa. Ufa wa milimita tatu unamtosha. Kaushik Jayaram na Robert Full wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima mwaka 2016 wakakuta mende anajibana na kupenya humo chini ya sekunde moja, na kwamba anavumilia kugandamizwa kwa uzito mara 900 ya uzani wake bila kuumia. Kwa hiyo hata kandambili ikimgusa kwa upande, kwake inaweza kuwa ni kusukumwa foleni. Na akishaingia ufani hatoki upesi: mende hupenda kuguswa mgongo na tumbo kwa wakati mmoja, na vipokezi vya mguso vikimwambia amebanwa pande zote, yeye huona amefika nyumbani. Uache ufa huo wazi. Saruji kidogo tu ingeharibu kila kitu tulichojenga mpaka sasa.

Hatua ya tano ni dawa ya kupuliza, kwa wale ambao kandambili imewachosha bega. Hapa pana hatari kidogo, kwa sababu dawa hufanya kazi. Nyingi zina viini vya pareto au ndugu zake wa kiwandani. Pareto ni lile ua jeupe la nyanda za baridi. Linalimwa Molo, Mafinga, na huko Musanze nchini Rwanda. Kiini chake kinakwenda kwenye ule mlango wa sodiamu na kuuzuia usijifunge. Pigo moja la neva likitakiwa, yanatoka kumi. Miguu inapokea amri juu ya amri, misuli inatetemeka, mende anaangukia mgongo na kupiga teke hewani. Watu wakiona hivyo husema amekufa.

Ili umkose hata hapo, puliza kidogo, mwone amelala chali, kisha nenda kalale. Mwili wa mdudu una vimeng'enya vinavyovunja pareto, na aliyepata kipimo kidogo anaweza kuamka kabla yako. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo sababu wengi huchanganya na kemikali nyingine ya kuvizuia vimeng'enya hivyo. Basi chagua kopo la bei rahisi usilolielewa. Na kama unasumbuliwa na yule mdogo, una nafuu zaidi. Kuna koo zake ambazo mlango wa sodiamu umebadilika kipande kidogo tu cha protini, na kiini cha dawa hakiushiki sawasawa. Unampulizia, ananyanyua papasi, anaendelea na mlo.

Chambo chenye sumu na sukari pia kimeshughulikiwa. Mwaka 1993 Jules Silverman alichapisha habari za mende wadogo wanaoikataa glukosi. Ilichukua miaka 20 kujua kwa nini: mwaka 2013 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walipima vipokezi vya ladha mdomoni mwao, wakakuta glukosi inaziamsha neva za uchungu. Sukari ileile, kinywani mwao ni shubiri. Vizazi vilivyokula chambo vilikwisha, na waliozaliwa na ulimi mbovu wakarithi jiko. Endelea kutega kwa sukari.

Jambo moja nakukataza kabisa, nalo ni kumwajiri nyigu. Yupo nyigu mwembamba, wa kijani chenye kung'aa na mapaja mekundu, aitwaye kitaalamu Ampulex compressa, anayepatikana Afrika na Asia, na ndiye pekee aliyeielewa ile ofisi ya mende jinsi ilivyopangwa. Anachoma mara mbili. Mchomo wa kwanza unaingia kifuani na kuilegeza miguu ya mbele kwa dakika chache, ili mende asirushe teke. Mchomo wa pili unaingia shingoni na kupanda mpaka kichwani, na mwiba wenyewe una vipokezi vya mguso vinavyomwezesha kuutambua ubongo na kuutofautisha na nyama. Hapo anaacha sumu yake. Baada ya hapo vinyweleo vya mende bado vinanasa upepo, neva nene bado zinapitisha mapigo, miguu ni mizima. Ila hamu ya kukimbia haipo. Kile kichwa nilichokisema kinapelekewa nakala tu, kumbe ndicho kinachowasha mtambo wote asubuhi. Mende anakaa akijisafisha nusu saa nzima. Nyigu anarudi, anamkata papasi nusu, anamshika kwa kilichobaki na kumwongoza kwa miguu yake mwenyewe mpaka shimoni, ambako yai litatagwa mguuni pake na kiluwiluwi kitamla taratibu akiwa hai. Hakuna upepo, hakuna kelele, hakuna kukosa. Mwanafunzi wetu yeyote atakayeonekana akimfuga nyigu huyu atafukuzwa.

Sasa tuzungumzie ajali. Hata ukizingatia yote niliyoeleza, ipo siku kandambili itateleza na kumpata. Usikate tamaa. Tazama umempata wapi.

Kama umemkata kichwa, hesabu kwamba bado hujampata. Damu yake haiko kwenye mishipa yenye msukumo mkubwa kama yako, hivyo haimwagiki yote. Jeraha la shingo huganda. Hapumui kwa pua, anapumua kwa vitundu vilivyo ubavuni, na vitundu havijui kwamba kichwa kimeondoka. Chakula hahitaji kwa siku nyingi. Kiwiliwili kinaweza kuishi siku kadhaa, hata wiki, mpaka kiu immalize au ukungu umwingie. Mguse, atasimama. Vijimkia vipo, vinyweleo vipo, fundo la mwisho wa tumbo lipo, yale matatu ya kifuani yapo.

Hata shule anaweza kwenda. Mwaka 1962 G. Adrian Horridge alichapisha jaribio lake katika jarida la Nature: aliwaning'iniza mende wasio na vichwa juu ya maji ya chumvi, na kila mguu uliposhuka ukagusa maji, ulipata shoti ya umeme. Muda si mrefu miguu ikajifunza kubaki juu. Miguu ya mende mwingine, aliyekuwa akipata shoti zilezile kwa wakati uleule bila kujali mguu wake uko wapi, haikujifunza hivyo. Somo lilikuwa limeingia kwenye fundo la kifuani, bila ubongo.

Kwa hiyo ukimkuta amesimama katikati ya sebule bila kichwa, usimfagie na wala usimwite shangazi. Vaa kandambili, rudi mlangoni, zima taa, halafu anza upya kutoka hatua ya kwanza.